Pamba Chini ya Bolti

Mimi nauza bolti na nati mbele ya gereji za Farjano, hapa Kismayu. Meza yangu ni mlango wa Hiace uliolazwa juu ya madebe mawili, na mali yangu imo ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kila kopo nimelipaka rangi yake. Kusoma sikusoma. Namba zilizopigwa kwenye vichwa vya bolti kwangu ni mikwaruzo tu. Lakini mtu akiniwekea bolti mkononi, naupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye nyuzi zake, na kabla hajamaliza kunijulia hali nimeshajua inatoka kopo gani. Mafundi wote wa hapa hunijia. Wakimwelekeza mgeni humwambia, "Nenda kwa yule mtalaka wa Mahmudi." Jina langu ni Kulthumu. Mwaka wa sita huu nakaa pale pale, na bado jina hilo halijawaingia mdomoni.

Mahmudi mwenyewe ana duka la vipuri upande wa pili wa barabara, hatua kumi na mbili. Nimezihesabu. Duka lile tulilifungua pamoja tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mombasa. Yeye ni mwana wa fundi wa vyombo wa kisiwa cha Ngumi, na wakati huo gari alikuwa halijui. Alijua kupigilia misumari ya mashua. Mimi kule kambini nilikaa jirani na fundi wa malori, nikawa namwoshea vyuma vyake kwa mafuta ya taa ili anipe sabuni. Huko ndiko nilikojifunza nyuzi nene na nyuzi laini, shingo ya mviringo na shingo ya mshazari. Basi dukani Mahmudi alikaa mbele akizungumza na wateja, nami nilikaa nyuma nikichambua. Watu wakasema duka la Mahmudi halikosei bolti. Naye hakuwaambia ni nani anayezichagua.

Kisha mama yake akaugua huko Ngumi.

"Nenda ukamwangalie mama," akaniambia. "Mimi siwezi kuliacha duka."

Nikavuka na binti yetu, Wardah, akiwa na miaka kumi na mitatu. Tulikaa miezi kumi na minne. Nilimwosha bi mkubwa yule, nikamlisha, nikamgeuza ubavu, na mwisho nikamvika sanda. Niliporudi Kismayu ufunguo wangu haukuingia mlangoni. Nikafunguliwa na msichana aliyevaa dera langu la buluu. Mahmudi akatokea nyuma yake anafikicha macho.

"Hukuletewa habari?" akaniuliza. "Nimekuacha tangu Rajabu. Nilimpa Nasrudin ujumbe."

Nasrudin ndiye nahodha wa mashua iliyokuwa ikituletea unga kisiwani. Alivuka mara nne na talaka yangu mdomoni, na kila mara alinikuta nimebeba beseni la mgonjwa, akashindwa kuisema. Eda yangu ilianza ikaisha nami namwosha mama wa mwanamume ambaye si mume wangu tena. Hilo ndilo lililomo moyoni mwangu. Nalisema mapema ili mtu asije akasema nililificha.

Wardah nilimlea kwenye chumba kimoja nyumbani kwa mdogo wangu, Sabah. Baba yake alikuwa akimpungia mkono kutoka mlangoni mwa duka, basi. Mwaka huu Wardah akaposwa na Mzamil, kijana mpole anayefanya kazi bandarini, na wiki ile ile Mahmudi akavuka barabara kuja mezani kwangu kwa mara ya kwanza.

"Gari la harusi liko juu yangu," akasema, amesimama mbali kidogo kana kwamba grisi yangu itamrukia. "Mwanangu hatatolewa kwa gari la kubebea samaki. Atapanda lile la Adnani."

Wardah aliposikia alilia kwa furaha. Alikuwa amengoja miaka sita baba yake ampe kitu.

Adnani ni mtoto wa watu wa Burgao, amekulia Uingereza, naye alirudi na gari la mbio lenye milango miwili, manjano kama ndimu iliyoiva, limelala chini hata mafundi wakaliita Kaa. Likipita kwenye tuta hukwaruza tumbo, nao hupiga kelele, "Mnyanyueni Kaa, amekwama!" Lakini kwenye lami ya uwanja wa ndege, ambako misafara ya harusi huenda kupiga honi na kukimbizana kabla ya kumfikisha bi harusi kwa mumewe, hakuna gari lililowahi kulifikia.

Jumatatu ya wiki ya harusi Adnani alikuja kwangu na bolti moja mkononi.

"Bi Kulthumu, nataka kama hii, ishirini, lakini ndefu kidogo. Nimefunga rimu mpya, naona hazikazi vizuri."

"Rimu za zamani ziko wapi?"

"Niliziuza Dubai. Hizi nzuri zaidi, zinang'aa."

Nikamwambia anionyeshe. Akaliinua gari kwa jeki na kufungua gurudumu moja, nami nikapiga magoti. Magari mengi ya hapa ni ya Kijapani. Kwenye habu zao, pale gurudumu linapokaa, zimechomoza stadi, vile vyuma vyenye nyuzi, ukavalisha gurudumu kisha ukakaza nati juu yake. Gari lile halina stadi. Habu yake ina matundu, na bolti ndiyo inayopita kwenye rimu ikajichimbia humo. Bolti peke yake imebeba gurudumu. Basi mambo matatu yakubaliane: nyuzi, urefu, na shingo ya bolti pale inapoikalia rimu. Nyuzi zilikuwa sawa, maana bolti ni ya gari lenyewe. Lakini shingo yake ilikuwa ya mviringo kama tako la yai, na matundu ya zile rimu mpya yamechongwa kama faneli. Yai ndani ya faneli hugusa ukingo mwembamba tu. Tena rimu ilikuwa nene. Nikaipitisha bolti, nikaizungusha kwa vidole huku nahesabu. Mizunguko minne, ikawa imefika mwisho.

"Umeona? Minne. Kwa unene wa bolti hii, isipungue tisa. Na shingo si yake. Unataka yenye shingo ya faneli, iizidi hii kwa upana wa kidole changu cha mwisho."

"Unazo?"

Kwenye kopo la kijani nilikuwa nazo kumi na moja, nilizozitoa kwenye gari la Kijerumani lililoungua.

"Kumi na moja," nikasema.

"Si tugawe? Tatu, tatu, tatu na mbili."

"Na roho ya nani utaiweka kwenye hilo gurudumu la mbili?"

Akacheka. Adnani ana cheko la mtu aliyekulia mahali ambapo kila kitu hupatikana dukani.

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Ziagize Mombasa. Zitafika Kiunga, zivuke Ras Kamboni, zipande mashua. Siku kumi, zikiwa na bahati."

"Harusi ni Alhamisi."

"Najua harusi ni lini. Anayeolewa ni wangu. Lifunge Kaa lako kamba, tutafute gari jingine."

Akatikisa kichwa, akavuka kwa Mahmudi. Nikamwona Mahmudi anasikiliza, kisha anajipiga kifua.

Alhamisi asubuhi Kaa alipita mbele ya meza yangu, magurudumu yote manne yamefungwa, rimu zinametameta. Adnani akanipungia. Nikasimama wima.

Mimi nazijua bolti zote za mji huu. Najua nani anazo na amezitoa wapi. Siku tatu zile hakuna mzigo wa vipuri ulioingia. Sasa Mahmudi amezitoa wapi ishirini? Nikakaa. Nikasimama. Akaja mtu kununua nati, nikampa, akanirudishia. Nilikuwa nimempa ya kopo jingine, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze biashara hii. Nikayafunika makopo kwa turubai, nikavuka.

Mahmudi alikuwa amekaa mlangoni na wenzake wawili, wanakunywa chai, kanzu ya harusi imetundikwa nyuma yake.

"Umemfungia nini Adnani?"

"Na wewe aleikum salamu," akasema. Wale wawili wakacheka.

"Mahmudi, umemwekea bolti gani?"

"Nimemwekea bolti. Ulitaka nimwekee tende?"

"Zimeingia mizunguko mingapi?"

"Zimeingia za kutosha. Gurudumu halichezi hata kidogo, mwulize mwenyewe. Mimi mwana wa fundi wa vyombo, Kulthumu. Mchu hanifunzi kukaza." Akijisifu hurudi kwenye Kibajuni chao, mtu akamwita mchu. Akawageukia wenzake. "Miaka sita, jamani, na bado anatafuta sababu ya kuvuka barabara."

Mmoja alicheka mpaka chai ikampalia. Mwenzake alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi niliondoka, masikio yananiwaka, na maneno ya Mahmudi yananizunguka kichwani. Mwana wa fundi wa vyombo. Kwa nini aseme hivyo, mtu aliyeulizwa habari ya gari?

Nyumbani kwa Sabah kulikuwa hakupitiki. Nikaha ilikuwa imeshafungwa msikitini baada ya sala ya alfajiri, na wanawake walikuwa ukumbini wanagonga pembe za vugo na kuimba. Nikamvuta Sabah jikoni.

"Wardah asilipande lile gari."

"Kwa nini?"

"Bolti."

Sabah akaweka mwiko chini. "Dada, bolti? Leo? Unajua watasema nini? Watasema Kulthumu ameshindwa kustahimili hata siku moja Mahmudi kuonekana baba."

"Waseme."

"Wewe unaweza kusema waseme. Atakayekwenda kuishi na maneno hayo kwa wakwe ni Wardah." Kisha akanishika mkono, sauti ikashuka. "Umeziona hizo bolti kwa macho yako?"

Sikuwa nimeziona. Hilo ndilo lililonichoma.

Nikaingia chumbani kwa Wardah. Alikuwa amekaa mkekani, hina imempanda mpaka viwikoni, asmini nyweleni. Sijawahi kumwona mzuri vile.

"Mwanangu, hilo gari..."

"Mama." Hakunitazama. "Nimewahi kukuomba kitu mimi? Leo tu. Leo usiseme neno juu ya baba."

Nikatoka. Nikaingia tena, nikatoka tena. Nilichukua birika nipeleke kwa wageni nikalisahau juu ya ukuta wa choo. Nilikwenda mpaka njiani nikarudi bila kujua nilikuwa nakwenda wapi. Watu waliniona nikihangaika wakasema ni uchungu wa mama, wakanionea huruma, na huruma yao ikanizidishia hasira.

Baada ya adhuhuri Adnani akalileta gari uani ili wasichana walipambe. Likaegeshwa juani. Nikasogea na utepe mkononi, najifanya nafunga maua kwenye kioo cha pembeni, na hapo ndipo nilipoisikia harufu.

Wasichana waliisikia kabla yangu. "Nani kaweka papa kwenye gari la harusi?" mmoja akauliza, wakaziba pua na kuchekana, mwingine akakimbilia marashi ya mawaridi akanyunyiza viti. Lakini haikutoka kwenye viti. Ilitoka kwenye magurudumu, na mimi niliijua. Ilikuwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo visioze. Nyumba ya mama yake Mahmudi ilinuka sifa kutoka kizingiti mpaka dari, na miezi kumi na minne niliivuta puani.

Kule Ngumi fundi hapigilii msumari mtupu. Huuzungushia shingoni pamba iliyolowekwa sifa, kisha ndipo anaugonga mpaka kichwa kizame. Mbao ikinywa maji huvimba, pamba nayo huvimba, msumari ukakabwa usitoke tena. Chombo kikakaa miaka thelathini hakivuji. Mahmudi alikuwa amefanya hayo hayo kwa bolti. Hakuwa na bolti mpya hata moja. Amezirudisha zile zile fupi, na ile nafasi baina ya yai na faneli ameijaza pamba na sifa, akakaza kwa nguvu zake zote. Na kweli gurudumu halikucheza. Lakini chuma hakinywi maji kikavimba. Breki zikipata moto pamba hukauka, husagika, na bolti yenye mizunguko minne hubaki imesimama bila kushika kitu. Hakufanya kwa ubaya. Nitalisema hilo ingawa linanikera. Alifanya kwa kujiamini, kama alivyoona baba yake akifanya.

Nikamwita Adnani nyuma ya gari, upande wa ukutani.

"Asubuhi ulikwenda nalo wapi?"

"Uwanja wa ndege, mara mbili. Kulijaribu."

"Chuchumaa."

"Mama, suruali nyeupe hii."

"Chuchumaa, mwanangu. Shika hiyo bolti kwa vidole vitupu. Zungusha."

Akashika huku bado ana tabasamu usoni. Bolti ikazunguka.

Tabasamu likaondoka. Akajaribu ya pili, ikakataa. Ya tatu ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Nikatoa spana ya tairi niliyokuwa nimeificha chini ya buibui, nikailegeza ile iliyokataa, nikaitoa nikihesabu kwa sauti ili asikie. Moja, mbili, tatu, nne. Ikanidondokea kiganjani na pamba yake shingoni, nusu bado nyeupe, nusu imeungua.

Adnani akakaa chini kwenye mchanga, suruali na yote.

"Ningelikimbiza kweli kweli," akasema polepole. "Na Wardah amekaa ubavuni pangu."

"Najua."

Nikainuka. Bolti mkono mmoja, pamba mkono wa pili, na ndani yangu furaha mbaya, sitasema uongo. Nilikuwa nakwenda kuiweka pamba ile mbele ya Mahmudi, mbele ya wale wanaocheka naye, mbele ya yule aliyenifungulia mlango na dera langu. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Adnani akanishika upindo wa buibui.

"Mama, subiri. Tumsitiri Ami Mahmudi."

"Mimi nani alinisitiri?"

"Si kwa ajili yake." Alikuwa amesimama sasa, anazungumza haraka. "Wazee wa Mzamil wako njiani. Ukisema leo, ndugu zake Ami watasema umezilegeza mwenyewe. Spana unayo mkononi, mama. Watagombana, na Wardah atatolewa humu ndani kwa matusi. Tuseme betri imekufa. Gari ni langu, aibu iwe yangu. Naapa haliondoki hapa."

Honi zilikuwa zinasikika kwenye kona ya msikiti. Nikaitazama bolti. Nikaitazama nyumba, pembe za vugo zinalia humo na mwanangu amekaa katikati yao. Kisha nikaitia bolti mfukoni mwa Adnani, na pamba nikaifumbata.

Mahmudi alishuka kwenye gari la kwanza na kanzu yake mpya, Wafaa, yule mke wake, nyuma yake. Adnani akawaendea akitangaza, mikono juu: betri, jamani, betri imekufa, gari haliwaki.

"Betri?" Mahmudi akasema. "Gari kama hili?" Akalizunguka, na nyuma akasimama. Aliona kuwa bolti moja haipo. Macho yake yakaja kwangu, yakashuka kwenye mikono yangu. Alijua. Kisha akawageukia watu akacheka kwa sauti. "Ndiyo magari ya Ulaya haya! Mazuri kwenye picha!" Watu wakacheka naye.

Lakini wanawake hawakucheka wote. "Nimemwona Kulthumu kachutama pale sasa hivi," mmoja akasema, si kwa kunong'ona. "Na chuma mkononi," akaongeza jirani yake. "Mtu hawezi kumwachia mwanawe furaha yake, jamani?"

Wardah akatoka. Walikuwa wamemshika pande mbili, dhahabu ya kuazimwa inamwaka kifuani. Akaliona gari limejaa tepe na hakuna mtu ndani. Akaiona mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye viungo.

"Mama," akasema mbele ya watu wote. "Umelifanya nini gari la baba?"

Pamba ilikuwa inanivujia sifa baina ya vidole. Neno moja lingetosha. Mahmudi alikuwa karibu yangu kiasi cha kumgusa, amenyamaza kama mbuzi aliyeelekezwa kibla. Miaka sita nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe sura ile, na aliponionyesha mwanangu alikuwa amesimama mbele yake.

"Betri imekufa, mwanangu," nikasema. "Mungu hakupenda."

Wardah hakuniamini, na alikuwa na haki. Nilisogea kumkumbatia, akarudi nyuma nusu hatua asije akapakwa mafuta. Wakampandisha kwenye Probox ya ami yake Mzamil, wakahamisha maua mawili matatu kutoka kwenye Kaa, wakaondoka kuelekea uwanja wa ndege. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka ua ule, nikaokota tepe, nikazitupa, nikaziokota tena, mpaka niliposikia honi zinarudi mjini.

Siku ya pili Adnani aliagiza bolti Mombasa, nikampa moja ya kwangu iende kama kielelezo. Tukaambiwa zimefika Kiunga, kisha tukaambiwa bado. Gari likasukumwa polepole mpaka uani kwa watu wake, likakaa limefunikwa. Nami nikarudi mezani. Mahmudi akawa hanitazami, lakini mdomo haukumfunga. Kila mteja alimweleza kwamba binti yake angekwenda kwa gari la manjano kama si husuda ya mtu.

Siku ya nane Wardah akanijia nyumbani na sahani ya halwa. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni. Akaniambia habari za mama mkwe, jinsi anavyompikia Mzamil samaki asiye na chumvi. Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikadhani yamekwisha.

"Adnani amesafiri, mama. Amerudi Uingereza, ana jambo la kazi. Funguo za gari amemwachia baba, alimwomba akaona haya kumnyima."

Nilikuwa na kipande cha halwa mkononi, nikakirudisha kwenye sahani.

"Amemwachia nani?"

"Baba. Anasema betri ikipatikana, atalishughulikia mwenyewe, kisha atatutembeza mimi na Mzamil mpaka uwanja wa ndege. Fidia ya siku ile."

"Lipite kwangu kwanza."

"Kwako? Kwa nini?"

"Nilitazame."

Wardah akatabasamu kama mtu anayemwonea mama yake huruma. "Mama, wewe na betri wapi na wapi? Wewe unajua bolti."

Nikasimama. Nikaenda mpaka mlangoni, nikauangalia ua, nikarudi. Hapakuwa na mtu wa kumwaibisha tena. Tulikuwa wawili tu na sahani ile. Nikamwambia yote, yai na faneli, mizunguko minne, pamba, sifa, kile Adnani alichokishika kwa vidole vyake. Sikumtukana baba yake. Nilijizuia mpaka meno yakaniuma.

Wardah alisikiliza mpaka mwisho, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ungenisadiki?"

Alivaa buibui lake taratibu, akachukua sahani yake na halwa iliyobaki. Alipofika mlangoni alinipa mgongo.

"Sitalipanda," akasema. "Na Mzamil nitamkataza. Lakini baba sitamwuliza. Usinilazimishe kumwuliza."

Nikamwambia sitamlazimisha. Akaenda. Sikujua kama ameniamini, au amekubali tu ili nimwache kwa amani, na hilo nalo siwezi kumwuliza. Nikatoka nje kumtazama mpaka alipopinda kwenye kona, kisha nikabaki nimesimama pale njiani, sina haja ya kwenda popote wala nguvu ya kurudi ndani kukaa.